Kijani si kimoja: jinsi mlima unavyoweza kujaa miti huku mimea yake ikiisha

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani inapanda kwa kona nyingi, na kadiri gari linavyopanda ndivyo kijani kinavyozidi kujaa machoni. Kwanza utaona michungwa na minazi ya wanakijiji. Kisha miti mirefu ya msituni, yenye mitambaazi inayoning'inia kama kamba za nanga. Halafu ghafla msitu unakatika, na mbele yako yanatandazwa mashamba ya chai, nyuma yake zimesimama safu za mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za kukaushia majani ya chai. Mgeni hushusha kioo, huvuta hewa ya baridi, husema: kumbe Usambara bado ina misitu!

Amesema nusu ya ukweli. Mkaratusi asili yake ni Australia, chai na michungwa zimetoka Asia. Katika kijani chote alichokipita, ni kile cha msitu wa asili tu chenye mimea ambayo ikikosekana hapo, basi imekosekana duniani. Kwa mbali vyote vinafanana. Ukishuka ukahesabu aina, utaona tofauti yake ni ile ya gulio na ghala la mahindi: kote kumejaa, lakini ghalani kuna kitu kimoja.

Fundo lote la uhifadhi wa mimea ya milimani limefungwa hapo. Tumezoea kuuliza kama mlima una miti. Swali lenye uzito ni miti gani, na chini ya miti hiyo kuna nini.

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa safu 13 za milima unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Misitu ya asili iliyobaki katika milima hiyo yote ni kama kilomita za mraba 3,300, yaani kubwa kwa kama robo tu kuliko Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Hiyo ni chini ya asilimia 30 ya msitu unaokadiriwa kuwapo zamani. Ndani ya kieneo hicho wanasayansi wamehesabu si chini ya spishi 800 za mimea ambazo hazioti popote pengine.

Kwa nini hapo, na si Kilimanjaro, ambao ni mrefu zaidi ya mara mbili ya vilele vya Tao? Jibu la kwanza ni umri. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, kijana ambaye hajafikisha miaka milioni 3. Miamba ya Tao la Mashariki ina mamia ya mamilioni ya miaka, na kuinuka kwake kunahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Mmea huko umepata muda wa kubadilika polepole, kizazi kwa kizazi, mpaka ukawa kitu kingine.

Jibu la pili ni bahari. Milima hii inaitazama Bahari ya Hindi, na upepo wa baharini ukigonga miteremko yake hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dunia ilipopita katika zama za barafu, misitu mingi ya Afrika ilikauka ikageuka nyika. Bahari ya Hindi haikubadilika sana joto lake, kwa hiyo mvua ya milima hii haikukatika kabisa, na misitu ikaendelea kusimama. Mimea iliyokufa kwingine ikabakia hapa, kama jamaa wa ukoo mkubwa waliosalia katika kijiji kimoja.

La tatu ni upweke. Kati ya safu na safu kuna nyika kavu ya joto, na kwa mmea wa msitu wenye ukungu nyika hiyo ni bahari. Mbegu ya Uluguru haivuki kirahisi kwenda Nguru. Kila safu ikawa kisiwa, na kila kisiwa kikalea watoto wake. Ndiyo maana huwezi kufuta msitu wa Taita ukajifariji kwamba Usambara bado upo.

Kuna mmea mmoja unaoonyesha haya yote kwa karibu kuliko maelezo yangu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau likiota kwenye miamba, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo limekaa madirishani katika nyumba nyingi mno za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui Tanga iko wapi.

Ukitaka kuliona kwao, tafuta jabali lenye kivuli karibu na kijito. Utakuta jiwe limevikwa kuvumwani kibichi, na juu yake vishada vya majani mviringo, mazito kidogo, yenye manyoya laini kama shavu la pichi. Ukiinua jani kwa kidole utaona hakuna udongo wa kutosha kujaza kiganja: mizizi yake myembamba imeshika kwenye kuvumwani hicho na katika nyufa za mwamba. Ua lenyewe halina asali ya kumhonga nyuki. Lina vifuko viwili vya njano vya chavua, na nyuki hulazimika kulishika na kutetemesha mwili mpaka chavua itoke. Kwa hiyo ua hili linahitaji jabali, linahitaji unyevu, linahitaji nyuki wa kabila fulani, na zaidi ya yote linahitaji kivuli cha miti mikubwa iliyo juu yake. Angusha mti mmoja tu jirani, jua liingie saa sita mchana, na kile kuvumwani kinakauka. Jabali linabaki palepale, lakini ua limekwenda.

Hata jina lake limetaabisha watu. Zamani walihesabiwa jamaa zaidi ya 20 wa Saintpaulia, kila mmoja spishi yake; baadaye wataalamu wakaona wengi wao ni ndugu wa tumbo moja, na mwaka 2015 jenasi nzima, yaani kundi zima la jamaa hao, ikaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Msomaji anaweza kuona ni ugomvi wa maprofesa, lakini una athari zake. Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, inayotaja viumbe vilivyo hatarini, hupima spishi kwa ukubwa wa eneo lake na kasi ya kupungua kwake. Mmea ukihesabiwa spishi kamili na unaota kwenye kilima kimoja, kama yule wa Mbololo kule Taita, kengele hulia. Ukihesabiwa tawi la spishi iliyoenea, kengele hunyamaza, ingawa kilimani hakuna kilichobadilika.

Msitu wa namna hii unapotea vipi bila mlima kuwa kipara? Mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi ni iliki. Miaka mingi wakulima wa Usambara Mashariki walilima iliki ndani ya msitu, kwa sababu zao hilo linapenda kivuli. Miti mikubwa iliachwa imesimama. Kilichofyekwa ni vichaka na miche iliyo chini. Ukitazama kutoka barabarani, msitu upo. Ukiingia ndani, hakuna vijana: wazee watupu wamesimama juu ya iliki, na mzee mmoja akianguka hakuna wa kumrithi. Udongo nao huchoka baada ya miaka kadhaa, iliki inapungua, na hapo miti iliyobaki hukatwa ili zilimwe ndizi na mahindi. Mkulima hakuwa na ubaya wowote. Iliki ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba.

Mfano wa pili ni musizi, mti wa Uganda na ukanda wa Ziwa Victoria ambao kisayansi unaitwa Maesopsis eminii. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo, kilichofunguliwa mwaka 1902 na kupanda mamia ya aina za mimea ya kigeni. Kwao musizi ni mti mwema. Usambara ukawa na tabia nyingine. Unakua haraka, unazaa sana, na hondohondo wanapenda matunda yake. Wanakula hapa, wanaangusha mbegu kule. Miaka ya 1970 na 1980, ukataji wa mbao kwa mashine ulipopasua msitu na kuacha mapengo, musizi ndio uliowahi kuyajaza. Ukataji ule ulisimamishwa katikati ya miaka ya 1980, lakini mti haukupokea amri. Leo kuna sehemu ambako unaangalia msitu mnene, mrefu, wenye ndege, ukadhani ni wa kale. Kumbe unatazama mti mmoja uliojirudia.

Nataka niseme jambo kuhusu maji, kwa sababu ndiyo hoja tunayoipenda. Ni kweli tupu kwamba Uluguru inaulisha mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam, na kwamba Zigi unaotoka Usambara unainywesha Tanga. Hoja hiyo imeokoa misitu mingi na sitaki iachwe. Lakini haiwezi kuokoa ua la jabalini peke yake, kwa sababu mtu anaweza kukujibu: nitapanda miti mingine inayokua haraka, mteremko usimomonyoke, mto utiririke. Mimea ya milimani inahitaji kutetewa kwa ajili yake yenyewe pia. Na pengine kwa ajili yetu tusioijua bado: katika misitu hii kuna kahawa za porini, kama Coffea fadenii ya Taita na Coffea kihansiensis ya korongo la Kihansi, ndugu wa kahawa inayolipa karo Kilimanjaro na Nyeri. Mwaka 2025 wanasayansi walitangaza mti mpya kutoka Udzungwa, Tessmannia princeps, unaofika mita 40 na kukadiriwa kuishi hadi miaka 3,000. Mti wa urefu wa jengo la ghorofa zaidi ya kumi, na sayansi haikuwa na jina lake.

Tena si kila mmea wa mlimani unataka mti. Kule Nyanda za Juu Kusini, kati ya Mbeya na Makete, kuna uwanda wa Kitulo, wastani wa mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ni majani matupu hadi upeo wa macho, na ukifika kiangazi unaweza kudhani ni malisho yaliyosahauliwa. Mvua zikishika, uwanda unachanua: aina 45 za okidi zimeorodheshwa humo, kati ya spishi kama 350 za mimea. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ukawa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 413. Mtu akienda huko na lori la miche ya misonobari kwa nia njema kabisa, atakuwa ameua bustani kwa kuipanda, kwa maana okidi hizo zinaishi juani, kwenye nyasi fupi.

Adui wao mkubwa lakini alikuwa jembe. Okidi za ardhini zina kiazi chini, na kiazi hicho huko Zambia hupondwa, huchanganywa na unga wa karanga na magadi, kikapikwa kikawa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama keki. Walaji walipoongezeka mijini na okidi za Zambia kupungua, wachuuzi wakavuka mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba viazi kati ya milioni 2 na 4 vilikuwa vikitoka Tanzania kila mwaka.

Hesabu ya hasara iko ndani ya kiazi chenyewe. Okidi ya aina hii huwa na viazi viwili kwa wakati mmoja: cha zamani, kilichosinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu, na kipya, kigumu, kilichobeba ua la mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia kikapuni ni mmea mzima uliokufa.

Na kwa nini usipande upya? Kwa sababu mbegu ya okidi ni kama vumbi. Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu, lakini hakuna hata moja yenye akiba ya chakula kama ya harage. Ikianguka ardhini inangoja kuvu wa aina fulani waliomo kwenye udongo waiingie na kuilisha mpaka iweze kutoa jani. Pasipo kuvu hao hakuna okidi. Wala huwanunui dukani pamoja na mbegu.

Hapo narudi kwenye kampeni zetu. Tanzania kila halmashauri imewekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Kenya imetangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nafurahi kuona watoto wa shule wamebeba miche. Ila lengo likiwa ni idadi, bwana kitalu atapanda kinachoota haraka, na kinachoota haraka ni mkaratusi, msonobari, mgrevilea. Miti ya milimani haina haraka. Mkulo, ule mti wa Usambara wenye mbao za harufu nzuri ambao umekatwa kwa zaidi ya karne, mbegu zake huharibiwa na wadudu na hazidumu. Zaidi huzaliana kwa machipukizi yanayotoka mizizini. Ukiukata na kung'oa kisiki, umeng'oa na uzao. Msambu nao, ambao kisayansi ni Allanblackia stuhlmannii, una miti dume na miti jike, na mbegu yake yaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka, kabla ya kuota. Mwenye kitalu anayedaiwa takwimu za robo mwaka hataigusa.

Wengine hutegemea hazina za mbegu, zile ghala baridi ambamo mbegu hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Tatizo ni kwamba mbegu za miti mingi ya misitu yenye unyevu hufa zikikaushwa. Zimezoea kuanguka leo na kuchipua kesho kutwa, hazikuumbwa kusubiri. Mti wa namna hiyo hifadhi yake ni kitaluni, kwenye bustani ya mimea, au palepale ulipo.

Na palepale nako panasogea. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, na kila mmea una mkanda wake mlimani. Dunia ikiongezeka joto, mkanda huo unapanda. Kilimanjaro kuna nafasi ya kupanda. Usambara Mashariki inaishia karibu mita 1,500, na mmea ambao tayari uko kileleni hauna ngazi nyingine. Kwa hiyo kila msitu unaounganisha bonde na kilele ni njia ambayo mimea itaihitaji kuhama, mbegu moja kwa moja, ndani ya tumbo la ndege.

Njia ya namna hiyo ni Derema, ukanda wa karibu hekta 960 unaouunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake. Amani yenyewe ilikuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya kwanza nchini, mwaka 1997. Derema ilikuwa imejaa iliki. Ili ukanda uwe hifadhi, wakulima zaidi ya 1,000 walilipwa fidia ya mazao yao, na suala la kupata mashamba mbadala likachukua miaka na kuacha manung'uniko. Naona manung'uniko hayo ni ya haki. Maua ya Saintpaulia yametajirisha vitalu vya Ulaya kwa zaidi ya karne bila kijiji cha Usambara kuona senti ya maana. Kisha mwanakijiji yuleyule ndiye anaambiwa aache iliki ili ua lisitoweke. Uhifadhi unaomwomba maskini alipe kwanza haudumu.

Unaodumu, kwa nilivyouona, ni ule ambamo mmea wa asili una mlango katika uchumi wa nyumba. Mbegu za msambu zina mafuta yanayoganda kama siagi, na wanakijiji wa Amani wameokota matunda yaliyoanguka na kuyauza. Wengine walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi, hadi mauzo ya wanyama hai nje yaliposimamishwa mwaka 2016, na kipepeo wa msituni hatagi mayai kwenye mkaratusi: mfugaji ilibidi aijue na kuipanda miti ambayo viwavi wake wanaila. Upareni na Taita kulikuwa na utaratibu mwingine wa kale zaidi, misitu ya tambiko isiyoguswa kwa shoka, ambayo Wataita wanaiita fighi. Baadhi ya miti ya asili leo imesalia humo tu.

Taita ndiko hali ilikobana kuliko kote. Kama asilimia 98 ya msitu wake wa asili imekwenda, na vilivyobaki ni vipande kama Ngangao, Mbololo na Chawia, vikizungukwa na mashamba na misonobari iliyopandwa miongo iliyopita. Lakini ukiingia chini ya misonobari iliyo jirani na msitu wa asili, ukainama, utaona kitu ambacho hakikupandwa na mtu. Katikati ya zulia la majani makavu kama sindano vimechomoza vijiti vya kimo cha goti, vyenye majani mapana yanayong'aa: watoto wa miti ya asili, walioletwa na ndege waliokula upande wa pili na kutua hapa. Kivuli cha msonobari kimewalea bila kukusudia. Kazi iliyobaki ni kuipunguza misonobari kidogo kidogo, mti mmoja mmoja, na kuhakikisha unaokatwa hauwaangukii.